Njiti wangu atatembea? Maswali yenu kuhusu picha za ubongo

Nimechagua barua tatu, zote za watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na zote ukizisoma vizuri zinauliza kitu kimoja tu, je picha ya ubongo inaweza kusema mtoto huyu atakuja kutembea? Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua wengi mko kwenye hali hiyohiyo na wengi mnakimbilia kukopa hela kabla ya kuuliza.

SWALI

Shikamoo dokta. Niko Morogoro, nilijifungua mimba ikiwa na wiki 29, mtoto alikuwa na kilo 1.1, tukakaa wodi ya njiti nikimbeba kangaruu mpaka akafika kilo mbili tukaruhusiwa. Alipokuwa na siku tano walimpima ultrasaundi ya kichwa wakasema kuna damu gredi 2 upande wa kushoto, tokea siku hiyo usingizi sina. Sasa ana wiki 10. Jirani kaniambia nimpeleke Dar akapigwe MRI ndo itasema kama atatembea au atakuwa na mtindio wa ubongo. Mume wangu anataka kuuza kiwanja tupate hela, mama mkwe anasema tumwachie Mungu tusihangaike. Naomba ukweli dokta, hiyo MRI itanijibu?
Mama Njiti, Morogoro

JIBU

Marahaba mama, na hongera sana, kumtoa mtoto kwenye kilo 1.1 mpaka kilo mbili kifuani kwako sio kazi ndogo. Kiwanja msikiuze kwanza. Kuna kipimo cha bei ndogo kinatakiwa kutangulia na mtoto wako yuko kwenye muda wake kabisa, nitakufikisha hapo.

Tuanze na hiyo gredi 2 maana ndo imekukosesha usingizi. Katikati ya ubongo kuna vyumba vya maji, na kwa mtoto anayezaliwa mapema sana pembeni ya vyumba hivyo kuna sehemu laini yenye vimishipa vya damu vyembamba mno, sehemu hiyo huwa inapotea yenyewe mimba ikikaribia kutimia lakini wiki 29 bado ipo, presha ya damu ikipanda na kushuka ghafla vimishipa vinapasuka. Damu nyingi ya namna hii inatoka ndani ya siku tatu za mwanzo. Madaktari wanaipanga kwa gredi nne, mpangilio uliotolewa na daktari wa Marekani Lu-Ann Papile na wenzake mwaka 1978 na mpaka leo tunautumia. Gredi 1 damu imebaki palepale ilipotokea, gredi 2 imeingia kwenye chumba cha maji ila haijakitanua, gredi 3 imejaa mpaka chumba kimevimba, gredi 4 nyama ya ubongo ya pembeni nayo imeumia. Watoto wengi wenye gredi 1 na 2 wanakuja kutembea. Wenye gredi 3 na 4 ndo hatari inapanda sana, na hata hao sio wote.

Kwahiyo siku daktari anakusomea majibu usiishie kuuliza kama kuna kitu au hakuna. Muulize kiko wapi, na kiko upande mmoja au zote mbili. Hilo ndo swali zito kwenye habari ya mwendo na wazazi wachache sana wanaliuliza. Sababu yake ni hii, nyuzi zinazobeba amri ya mwendo zinaanzia juu ya ubongo zinashuka mpaka kwenye uti wa mgongo, na njiani zinapita jirani kabisa na vile vyumba vya maji. Na hazipiti ovyo, zile za miguu ndo ziko karibu zaidi na chumba, za mikono zinapita mbali kidogo, za uso mbali zaidi. Ndo maana njiti akiumia hapo inayotangulia kuonyesha ni miguu, inakakamaa, inapishana kama mkasi ukimsimamisha, anakanyaga kwa vidole. Jeraha likiwa upande mmoja tu basi ni mkono na mguu wa upande wa pili wa mwili vinavyolegea au kukaza. Jeraha la ukubwa uleule likikaa sehemu nyingine ya ubongo huenda mwendo usiguswe kabisa.

Sasa kuna jambo ultrasaundi ya siku ya tano haiwezi kulionyesha hata ingekuwa mashine nzuri kiasi gani. Nyuzi hizo zikikosa damu na oksijeni ya kutosha zinakufa polepole na pale zilipokufa panabaki vishimo vyenye maji, na vishimo hivyo vinaanza kuonekana wiki mbili mpaka nne baada ya tukio. Yaani mtoto anaweza kupimwa siku ya tano picha ikawa safi, wiki ya tano picha ikawa na vishimo pande zote mbili, na vishimo vya namna hiyo ndo vinaongoza kwa kutabiri mtindio wa ubongo wa miguu. Kwa hiyo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2020 kinasema mtoto aliyezaliwa wiki 30 au chini apimwe ultrasaundi ya kichwa kufikia siku ya 7 mpaka 10, irudiwe wiki ya 4 mpaka 6, irudiwe tena anapofika tarehe aliyotakiwa kuzaliwa au kabla ya kuruhusiwa. Wewe umeniambia kipimo kimoja tu. Mtoto wako alizaliwa wiki 29 na sasa ana wiki 10, jumla 39, yuko pale pale inapotakiwa picha ya mwisho. Utosi bado uko wazi, hakuna dawa ya usingizi, hakuna mionzi, wanaweka jeli wanapitisha kifaa juu ya utosi dakika chache basi. Rudi hospitali uliyojifungulia au nenda ya mkoa, omba ultrasaundi ya kichwa irudiwe, na uombe waandike kwenye karatasi vyumba vya maji vina ukubwa gani na kama kuna vishimo.

Baada ya hapo ndo tuongelee MRI, ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Nisikudanganye, MRI inaona zaidi. Inaona nyuzi zenyewe, inaona ubongo wa kisogoni ambao ultrasaundi ya utosini inaukosa kosa, inaona hata kama utando wa mafuta umeanza kuzifunika zile nyuzi za mwendo, maana nyuzi za ubongo ni kama waya wa umeme, bila ganda lake umeme haufiki unakotakiwa. Mtoto akikaribia tarehe yake ya kuzaliwa ganda hilo linatakiwa lionekane kushoto na kulia kwa usawa, likionekana upande mmoja tu ni dalili kwamba mkono na mguu wa upande mmoja vinaweza kuja kuwa na shida. Utafiti wa New Zealand na Australia ulioongozwa na Lianne Woodward na Terrie Inder, ukatoka 2006, uliwapiga MRI watoto 167 waliozaliwa wiki 30 au kabla, wakapigwa walipofika tarehe yao, halafu wakafuatiliwa mpaka miaka miwili. Kama mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na hitilafu ya wastani au kubwa kwenye nyuzi, na kwa hao uwezekano wa mtindio wa ubongo ulipanda karibu mara 10. Lakini kwenye kundi zima waliokuja kuwa na mtindio ni asilimia 10. Piga hesabu hapo mama, walioonekana na hitilafu ni wengi kuliko walioishia na mtindio, na wapo watoto wana mtindio wa ubongo kabisa huku MRI yao inasomeka kawaida. Picha inakuambia hatari iko kiasi gani, haimwandikii mtoto maisha.

Halafu kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine hata moja na mimi nakiamini sana, kumwangalia mtoto anavyojichezesha mwenyewe. Profesa Heinz Prechtl aliyefanya kazi Graz, Austria, aligundua kwamba mtoto mwenye afya akifika kama miezi mitatu baada ya tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa anakuwa na vijimwendo vidogovidogo vya kuzungukazunguka, shingoni, mabegani, viganjani, kiunoni, kwenye vifundo, vinaenda kila upande bila kukoma akiwa macho na ametulia. Vikikosekana ni dalili nzito. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa matokeo ya watoto 130, kati ya 70 waliokuwa na vijimwendo hivyo 67 walikuja kuwa wazima, kati ya 60 ambao vilikosekana au havikuwa vya kawaida 57 walikuja kuwa na matatizo. Na watoto haohao ultrasaundi ya ubongo ilibashiri kwa usahihi mdogo zaidi kuliko macho ya mtu aliyefundishwa kuangalia. Mwaka 2017 kundi la wataalamu likiongozwa na Iona Novak wa Australia lilipitia tafiti zote likasema kabla ya miezi mitano njia ya uhakika zaidi ni kuunganisha vitu vitatu, MRI, vijimwendo vya Prechtl, na uchunguzi wa mishipa ya fahamu uliotengenezwa hospitali ya Hammersmith kule London ambao daktari anaufanya kwa mikono yake na kumpa mtoto alama mpaka 78.

Kwahiyo kwako mpango uko hivi. Ultrasaundi sasa hivi. Ikiwa safi na mtoto ananyonya vizuri, hajakakamaa, halegei kama kitambaa, basi MRI haitakuongezea kitu cha kuuzia kiwanja, msubirie miezi mitatu baada ya tarehe yake aangaliwe vijimwendo. Ikionyesha vishimo au vyumba vimetanuka, hapo MRI ina maana na uombe rufaa ya maandishi, ukienda na rufaa uulize pia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha wa gharama. Mzunguko wa kichwa upimwe kila kliniki uandikwe kwenye kadi, kichwa kikikua haraka kupita mstari wake rudi siku hiyohiyo maana damu inaweza kuziba njia ya maji. Na ukihesabu miezi yake hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa, sio aliyozaliwa, usimlinganishe na mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki moja naye utajiumiza bure.

Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba kumtegemea Mungu na kumpeleka mtoto kliniki havigombani. Na jambo moja nakuomba sana, mazoezi usiyasubirishe picha. Ukiona kitu hakijakaa sawa nenda kwa mtu wa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hata kama MRI bado, kwa sababu ubongo wa miezi ya mwanzo ndo unajipanga upya kirahisi, na mtoto aliyeanza na miezi minne anapata nafasi ambayo aliyeletwa na miaka miwili hawezi kuipata tena. Nasema hivi kwa uchungu kabisa, wanaoletwa na miaka miwili ni wengi mno, na ukiuliza kwanini unaambiwa tulikuwa tunasubiri kipimo.

SWALI

Jambo munganga. Mimi ni Mkongomani, tunaishi Ohio, Marekani. Bibi yangu alizaa mtoto wiki 27 na bado tuko naye hospitali. Wanatuomba sahihi eti mtoto aingie kwenye utafiti, watampiga MRI akifika wiki 40 halafu kompyuta isome picha na kubashiri mwendo wake. Lakini palepale daktari mwingine anasema MRI sio lazima. Tunaogopa, kama ni nzuri kwanini si lazima? Na mashine ile haitamuharibu? Au wanatufanyia majaribio kwa sababu sisi ni wakimbizi?
Baba wa mtoto wa kwanza, Ohio

JIBU

Baba, hongereni, na hofu yenu naielewa. Madaktari wote wawili wanasema kweli. Ule mwongozo wa 2020 niliomtajia mama wa Morogoro unasema MRI isiwe kipimo cha kila njiti, sababu yake ni hiyohiyo, picha inawatia wasiwasi wazazi wengi ambao watoto wao watakuwa wazima na inawapa uhakika wa uongo wengine. Kwahiyo kutokupewa MRI kama tiba sio kunyimwa, hata mtoto wa mwenyeji hapewi kila mara.

Ila utafiti nao una maana yake. Ohio mko jirani na moja ya sehemu zinazofanya kazi hii kwa bidii sana, hospitali ya watoto ya Cincinnati, ambako kuna utafiti mkubwa unaofuata watoto waliozaliwa wiki 32 au kabla, wanapigwa MRI wakifika tarehe yao kisha wanapimwa ukuaji wakifika miaka miwili. Brisbane, Australia, wao walijaribu kupiga mapema zaidi, mtoto akiwa na wiki 30 hadi 32 tu ukihesabu tangu mwanzo wa mimba. London mradi mkubwa wa kuchora ramani ya nyuzi za ubongo wa vichanga umetoa picha zake wazi kwa watafiti wa dunia nzima. Wanachofanya ni kupima maji yanavyotembea ndani ya nyuzi, uzi mzima maji yanateleza kufuata urefu wake, uzi ulioumia yanatawanyika, basi kompyuta inafundishwa na picha za watoto ambao tayari inajulikana walitembea lini na vipi, halafu inapewa picha mpya ibashiri. Matokeo yanatia moyo ila kompyuta hizi zimefundishwa na watoto mamia tu, na mara nyingi wa hospitali chache, ukiipeleka hospitali nyingine yenye mashine nyingine inaweza kuyumba. Na hapa naongea na wewe moja kwa moja, watoto wenye asili ya Afrika wakikosekana kwenye picha hizo, siku kipimo kikianza kutumika kitakuwa kimejifunza kwa watoto wengine. Hilo sio la kukulazimisha, ni la kulifikiria tu.

Mashine yenyewe haina mionzi, inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Mtoto ananyonyeshwa anashiba anafungwa vizuri kwenye shuka, anazibwa masikio kwa sababu ina kelele kali, analala mwenyewe, mara nyingi bila dawa ya usingizi. Ulizeni mambo haya kabla ya sahihi: kama atapewa dawa ya usingizi au ya kuchomwa kwenye mshipa, kama mtaambiwa wakiona kitu kibaya kwenye picha, nani ataitunza picha na kwa muda gani, na kama atafuatiliwa miaka miwili bure, hiyo ya mwisho kwangu ndo faida kubwa kuliko picha yenyewe. Mna haki ya mkalimani wa Kiswahili, msikubali kutafsiriwa na mtoto wa jirani. Mna haki ya kukataa, na hata mkikubali mnaweza kujitoa siku yoyote na matibabu ya mtoto hayaguswi. Wakimbizi au sio wakimbizi sheria ni hiyohiyo.

Na kwa wasomaji wa huku nyumbani mtakaouliza hayo yatatufikia lini, yameanza kusogea. Kuna mashine ndogo za MRI za magurudumu zenye sumaku dhaifu sana, tesla 0.064, wakati za kawaida hospitalini ni 1.5 au 3, zinasukumwa mpaka kitandani. Na Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, kimeshirikiana na wahandisi wa Leiden na Delft kule Uholanzi kuunda mashine ya namna hiyo kwa ajili ya watoto wenye vichwa vikubwa vya maji. Picha zake sio kali za kuonyesha kila uzi, ila vyumba vya maji zinavionyesha.

SWALI

Mwanangu dokta, mjukuu wangu ana miezi sita, alizaliwa miezi miwili kabla ya siku zake. Shingo bado haijakaza sawasawa. Mkono wa kulia anaufumba muda wote, dole gumba limo ndani, ukimpa kitu anapokea na wa kushoto tu. Mama yake anasema atakuwa mashoto kama babu yake. Kuna mkandaji mzuri hapa kwetu, nimpeleke akamnyooshe mkono au twende tukapige picha ya kichwa?
Bibi, Tanga

JIBU

Shikamoo bibi, na ahsante kwa macho yako maana umeona jambo ambalo wengi wanalipita. Shingo hainitishi sana, ukitoa ile miezi miwili mjukuu ana miezi minne, shingo inaweza kuwa ndo inamalizia kukaza. Mkono ndo unanishughulisha. Mtoto hachagui mkono kabla ya mwaka mmoja, akichagua mapema hivyo tusiseme ni mashoto, tuangalie kwanini wa kulia hautumii, na ngumi ya upande mmoja yenye dole gumba ndani kwa umri wake inatakiwa iangaliwe haraka.

Kwa mkandaji hapana, bibi yangu. Mkono uliokaza kwa sababu ya ubongo haunyooshwi kwa nguvu, ukivutwa unazidi kukaza na mfupa wa njiti ni mwepisi. Wiki hii mpelekeni hospitali ya Bombo hapo Tanga, muombe aonwe na daktari wa watoto na kitengo cha fizio pamoja. Picha ya kichwa wataamua wao, utosi ukiwa bado wazi wanaweza kuanza na ultrasaundi, na MRI kwa mtoto mwenye dalili za upande mmoja ina kazi ya kweli, inaonyesha jeraha liko wapi na lilitokea wakati gani. Ila mazoezi yanaanza hata kabla. Kuna mazoezi ya kuufunika mkono ule usio na shida kwa soksi kwa muda mfupi kila siku ili ule mvivu ulazimike kufanya kazi, yanasaidia sana watoto wadogo, lakini msianze wenyewe, mtu wa fizio awaonyeshe dakika ngapi na vipi.

Na kabla hamjaenda mwambie mama yake achukue simu amrekodi, kwa sababu vile vijimwendo nilivyoeleza juu vinaonekana mpaka kama miezi mitano baada ya tarehe aliyotarajiwa, yeye ana minne, muda ni huu. Alazwe chali kitandani, avae nguo nyepesi mikono na miguu wazi, awe macho, ameshiba, halii, hana chuchu bandia mdomoni, hakuna midoli na msimsemeshe. Simu ishikwe juu upande wa miguuni mwili wote uonekane kuanzia kichwa mpaka vidole, dakika tatu mpaka tano. Akilia acheni mrudie baadaye. Video hiyo nendeni nayo, muonyesheni daktari na mtu wa fizio, mtoto akifika hospitali mara nyingi analia au analala hawaoni kitu.